Ukoo wa Ratiba na Kanuni ya Kutokutana

KAMATI YA RATIBA YA SHULE
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA 71

Siku: Jumamosi ya pili ya likizo
Mahali: Chumba cha ramani, kando ya maabara
Muda: Kikao kilipangwa kuanza saa 3:00 asubuhi. Kilianza saa 3:35 kwa sababu ufunguo wa chumba ulikuwa mfukoni mwa Mwenyekiti, naye alikuwa akiwauliza wengine ni nani anao.

Waliohudhuria:
1. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa Kemia
2. Katibu, mwalimu mstaafu wa Hisabati, mwandishi wa kumbukumbu hizi
3. Bi Nukta, mwalimu mstaafu wa lugha, Mtunza Kadi, dada yake Mwenyekiti
4. Mwalimu wa Biolojia, ambaye sote tunamwita Siafu
5. Mkuu wa Shule, ambaye alifundishwa na hao watatu wa kwanza (hana kura)

Walioalikwa:
6. Mwalimu wa Hisabati, mkuu wa somo hilo kwa sasa
7. Mwalimu wa Kemia, mkuu wa somo hilo kwa sasa, mume wa Na. 6

Asiyehudhuria kwa udhuru: Mwalimu wa Michezo. Alituma ujumbe kwamba ratiba haikumruhusu. Kikao kilikumbushana kuwa ni likizo. Udhuru ulipokelewa hivyo hivyo.

Angalizo la Katibu: Kumbukumbu hizi zimeandikwa kwa mkono, na mkono wenyewe unatetemeka. Palipo na doa la wino hapakufichwa kitu. Mwezi uliopita daktari alimwambia Katibu apange mambo yake mapema. Katibu alimjibu kwamba kupanga ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote, lakini alimwelewa. Ndiyo sababu mambo mengine yameandikwa humu kwa urefu kuliko kawaida.

KUMB. NA. 1/71: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe wote kwa kufika, na akamshukuru Siafu kipekee kwa kufika bila chupa yoyote yenye kitu kinachotambaa. Alikumbusha kwamba kwa miaka ishirini na sita Kamati hii imetunga ratiba ya shule kwa njia iliyoigwa kutoka kwa viumbe hai, wakati shule nyingine zinatunga kwa penseli na machozi.

Kwa faida ya wageni, Katibu alitakiwa aeleze njia hiyo. Alieleza kwamba ratiba ya wiki nzima huandikwa kwenye kadi moja ndefu ya manila, Jumatatu mpaka Ijumaa. Kadi ishirini na nne ni kizazi kimoja. Kila kadi hupewa alama, na kila mgongano, yaani mwalimu mmoja kutakiwa madarasa mawili kwa wakati mmoja, hupunguza alama hizo. Kadi mbili zenye alama nzuri huoanishwa: hukatwa kwa mkasi mahali pamoja, tuseme baada ya Jumanne, kisha zikabadilishana mikia. Hapo wamezaliwa watoto wawili. Watoto waliorithi ubaya wa pande zote mbili hutiwa kwenye katoni iliyoandikwa MAREHEMU. Waliorithi uzuri huishi, nao wakaoana. Zamani, mara chache, ilitupwa dadu na kipindi kimoja kikabadilishwa ovyo, kwa kuwa maumbile nayo hufanya hivyo. Hakuna mtu anayeifikiria ratiba. Ratiba zinajizaa.

Katibu aliongeza kwamba mwaka wa kwanza migongano ilikuwa thelathini na saba. Mwaka huu imebaki miwili, na mmoja kati yake unamhusu Mwalimu wa Michezo, ambaye hajalalamika kwa sababu hajaisoma ratiba.

Mkuu wa Shule alisema kwamba alipokuwa kidato cha pili aliwahi kuwachungulia dirishani wazee hawa, akadhani wanakata mapambo ya mahafali.

KUMB. NA. 2/71: TAARIFA ZA MAJARIBIO MENGINE

(a) Wadudu. Siafu alitoa taarifa ya jaribio lake la kutafuta njia fupi kuliko zote ya mwalimu wa zamu kupita vyumba kumi na vinane. Alieleza kwamba sisimizi akipita huacha harufu, njia fupi hupitwa mara nyingi zaidi, harufu yake huzidi, na wengine huifuata. (Jina la Siafu lilikwisha kumshika kabla hajapata nafasi ya kueleza kwamba walikuwa sisimizi.) Alitandaza ramani ya shule mezani, akadondosha maji ya sukari penye kila chumba, akawaachia. Baada ya siku mbili sisimizi walikuwa wamepata njia fupi kuliko zote kati ya dirisha la maabara na kopo la sukari la Mkuu wa Shule. Wanaitumia mpaka leo.

Siafu alisisitiza kwamba kisayansi hayo ni mafanikio. Mkuu wa Shule alisema kwamba sukari yake haijui sayansi. Iliazimiwa kwamba jibu la sisimizi liandikwe kuwa ni sahihi, ila si la swali letu.

(b) Ubongo wa kidato cha kwanza. Siafu alieleza kwamba wanafunzi thelathini na sita walisimamishwa uwanjani kwa safu, kila mmoja akiwa chembe ya ubongo. Safu ya mbele ilitazama mawingu, na aliyeona dalili ya mvua alinyoosha mkono. Waliofuata walinyoosha mkono iwapo zaidi ya nusu ya waliokuwa mbele yao wamenyoosha, mpaka wa mwisho akatangaza: mvua au jua. Jibu likikosewa, waliolisababisha walisogezwa mbali kidogo ili wasisikilizwe sana siku inayofuata. Wiki ya pili ubongo ulianza kusema mvua kila siku, hata jua likiwa linachoma. Uchunguzi ulionyesha kwamba kila ubongo uliposema mvua, chembe zote zilirudishwa darasani kukaa.

Siafu alisema ubongo ulijifunza barabara, kosa ni kile tulichoufundisha bila kujua. Mwenyekiti alisema mtu aliyeshindwa na sisimizi asitafute wa kumlaumu. Siafu aliomba maneno hayo yaandikwe. Yameandikwa.

KUMB. NA. 3/71: HALI YA UKOO

Bi Nukta alisoma taarifa ya ukoo wa ratiba. Kadi za mwaka huu ni kizazi cha 1,106. Wote ni wazima. Mwenyekiti aliwaita wajukuu, na Bi Nukta akamsahihisha kwamba baada ya mjukuu kuna kitukuu, baada ya kitukuu kuna kilembwe, baada ya kilembwe kuna kilembwekeza, na baada ya hapo lugha inachoka ila kadi hazichoki kuzaana. Mwenyekiti alisema kwamba moyoni mwake wote ni wajukuu. Bi Nukta alisema moyo hausahihishwi kwa wino mwekundu, vinginevyo angekwisha kuusahihisha.

Bi Nukta aliwaonyesha wageni kadi iliyotundikwa ukutani ndani ya fremu, inayoitwa Bibi Mkubwa. Kadi hiyo ilitokea mwaka wa tatu ikiwa na alama ambazo hazikuwahi kuonekana, ikaozeshwa kwa kila kadi ya kizazi chake. Bi Nukta alikumbusha kwamba wakati ule yeye peke yake ndiye aliyesema si heshima. Leo hakuna ratiba isiyotoka kwa Bibi Mkubwa.

Hapo Mwenyekiti aliomba dakika tano, akachukua ishirini, kueleza Kanuni ya Kutokutana aliyoigundua mwaka wa tano. Alisema kwamba katika kadi zote zilizoishi tangu Bibi Mkubwa, kizazi baada ya kizazi, mkuu wa somo la Hisabati na mkuu wa somo la Kemia hawajawahi kuwa na nafasi katika kipindi kimoja. Mmoja akiwa huru, mwingine yumo darasani. Hakuna aliyepanga hivyo. Alisema: "Maumbile yenyewe ndiyo yaliyoamua." Alisema kuna masomo yanayosukumana kama mafuta na maji, na kwamba ratiba zetu zimelionyesha hilo kabla ya mtu yeyote kulifikiria. Ameandika maelezo ya kanuni hiyo katika daftari la kurasa sitini na mbili, na mwezi ujao atayasoma mbele ya mkutano wa walimu wa sayansi. Alikwisha kushona suti.

Katibu aliyaandika maneno hayo bila kuinua kichwa.

KUMB. NA. 4/71: JARIBIO LA PROGRAMU

Mkuu wa Shule alieleza kwamba ameletewa programu ya kutunga ratiba, akaiweka mezani ndani ya kompyuta yake. Wazee walijiandaa kuipinga. Mkuu wa Shule aliwasihi wasikilize kwanza, kwa sababu alipouliza inafanyaje kazi aliambiwa kwamba nayo inaoanisha ratiba, inachagua watoto wazuri na kuwatupa wabaya. Ni njia ile ile ya Kamati. Tofauti ni kwamba inapitia vizazi elfu kumi kwa dakika moja.

Bi Nukta aliuliza ni nani anakuwepo wakati wote hao wanazaliwa. Mkuu wa Shule alijibu kwamba hakuna. Bi Nukta alisema ndivyo alivyodhani.

Iliazimiwa kwamba programu ijaribiwe, mradi ianze na kadi zetu ishirini na nne kuwa ndio wazazi, na iwe inakata baina ya siku na siku kama tunavyokata sisi. Mkuu wa Shule alisema kuna mahali pa kuweka kiasi cha mabadiliko ya ovyo, yale ambayo Kamati ilikuwa ikiyafanya kwa dadu. Bi Nukta alipendekeza pawekwe sifuri, kwa kuwa miaka minne iliyopita Kamati iliiacha dadu baada ya mzazi mmoja kudai kwamba walimu wanacheza kamari. Iliwekwa sifuri.

Matokeo yalipatikana kabla Mwenyekiti hajamaliza kufuta miwani yake. Migongano: hakuna. Kisha Mwenyekiti akaomba atazamiwe vipindi vya wakuu wa Hisabati na Kemia, na Mkuu wa Shule akasoma siku zote tano. Hakuna kipindi hata kimoja ambacho wote wawili walikuwa na nafasi.

Mwenyekiti alisimama, akavua kofia. Alisema hata mashine, isiyomjua yeye wala Katibu, wakuu wa zamani wa masomo hayo, imeikubali Kanuni.

Siafu alisema mashine haijakubali kitu. Imepewa jamaa wa ukoo mmoja watupu, ikazuiwa isiingize damu ngeni, basi itatoa wapi kipindi ambacho wazazi wote hawana? Alisema ukiwaoza binamu kwa binamu vizazi elfu, kilema cha bibi kinaonekana kuwa ndiyo sura ya binadamu. Mwenyekiti alimkumbusha habari ya kopo la sukari. Siafu alikaa.

KUMB. NA. 5/71: BARUA YA WAKUU WA HISABATI NA KEMIA

Mkuu wa Shule alieleza tatizo. Idara ya Sayansi huamua mambo yake katika kikao cha saa za kazi, na lazima wakuu wa Hisabati na Kemia wawepo wote wawili. Tangu walimu hawa wapewe nafasi hizo, miaka sita sasa, hawajawahi kukaa kikao hicho pamoja hata mara moja, kwa sababu ya ratiba. Bomba la maabara linavuja tangu mwaka wao wa kwanza. Ndoo iliyowekwa chini yake imekwisha kutoboka, na chini ya ndoo imewekwa ndoo. Wameandika barua sita kwa Kamati kuomba kipindi kimoja cha pamoja, na mara sita wamejibiwa kwamba maumbile yamekataa.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini watu wanaolala chumba kimoja wasizungumzie bomba nyumbani. Mkuu wa Shule alisema maamuzi ya idara hayafanyiki kitandani. Mwalimu wa Hisabati alisema: "Nyumbani tunalizungumza, Mwalimu. Hilo ndilo tatizo. Hatuna jingine tunalozungumza."

Mumewe alithibitisha. Alisema shuleni hukutana na mkewe mlangoni tu, mmoja akitoka darasani na mwingine akiingia, wakapeana chaki. Alisema mama mkwe aliwahi kuwatembelea, na siku ya pili akauliza Bomba ni nani.

Mkuu wa Shule alisema, akiwa amesikitika, kwamba kama kweli ratiba haiwezi kuwakutanisha, na sasa hata mashine imesema hivyo, hana njia ila kumwachia mmoja uongozi wa masomo yote mawili na kumhamisha mwingine kwenda shule ya upande wa pili wa mji, safari ya saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Alitoa fomu ya uhamisho. Fomu inahitaji pendekezo la Kamati hii. Mwalimu wa Hisabati alisema ataondoka yeye, kwa sababu mumewe akipanda basi hutapika. Mumewe alisema ataondoka yeye, kwa sababu wanafunzi wanampenda mkewe zaidi. Walianza kubishana kwa sauti ya chini, kama watu waliozoea kubishana mlangoni.

Mwenyekiti alisema Kamati inawahurumia, lakini haiwezi kushindana na maumbile. Aliitisha kura. Wanaokubali Kanuni isimame na uhamisho upendekezwe: Mwenyekiti na Bi Nukta. Wanaokataa: Siafu. Ilibaki kura ya Katibu. Mwenyekiti alimwambia asijichoshe, ainue kidole tu.

KUMB. NA. 6/71: MAELEZO YA KATIBU

Katibu hakuinua kidole. Aliomba kusimama, akasimama. Kisha aliomba kukaa, akakaa.

Alisema: "Bibi Mkubwa hakuzaliwa. Nilimwandika mimi, mezani kwangu, siku ya Jumapili."

Bi Nukta aliigeukia fremu ya ukutani.

Katibu alieleza kwamba mwaka wa tatu alichukua manila safi, akatunga ratiba kwa penseli kama wanavyotunga wengine, akahakikisha kwamba mkuu wa Hisabati, ambaye wakati ule alikuwa yeye, na mkuu wa Kemia, ambaye alikuwa Mwenyekiti, hawapati nafasi kipindi kimoja. Aliipaka vumbi la chaki ili ifanane na ndugu zake, akaiongezea alama nane za uongo, akaichanganya na nyingine. Baada ya hapo, kila mkasi au dadu vilipozaa mtoto mwenye kuwapa wote wawili nafasi pamoja, yeye kama msahihishaji alimshusha alama na kumtia katika katoni. Kwa hesabu yake ameua ratiba mia mbili na kumi na nne, zote zikiwa na afya njema, baadhi yake bora kuliko zile zilizotumika.

Bi Nukta aliuliza kama miongoni mwao alikuwemo yule wa mwaka wa kumi na moja, aliyewaacha walimu wote bila darasa Ijumaa mchana. Katibu alikiri. Bi Nukta alitoa leso.

Mwenyekiti aliuliza sababu.

Katibu alieleza kwamba mwaka ule wa tatu Mwenyekiti alitolewa jiwe la nyongo. Aliporudi kazini, kila kipindi walichokuwa na nafasi pamoja, navyo vilikuwa vinne kwa wiki, Mwenyekiti alivuta kiti karibu na meza ya Katibu na kumsimulia. Simulizi ilianzia getini mwa hospitali na kuishia jiwe lilipooshwa na kutiwa kwenye chupa. Kengele ikilia kabla haijaisha, Mwenyekiti alisema atamalizia kesho, na kesho yake akaanzia tena getini. Katibu alisikiliza mara arobaini na moja. Alikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Katibu alisema: "Kukuambia unyamaze kulinishinda. Kutunga ukoo mzima wa ratiba niliona ni rahisi zaidi."

Alieleza kwamba alikusudia iwe kwa muhula mmoja tu. Lakini mwaka wa tano Mwenyekiti alimfuata mbio kwenye ukumbi, mikono imejaa chaki, akamwambia amegundua jambo kubwa. Katibu hakuwahi kumwona na furaha kama ile, hata siku ya jiwe. Akasema moyoni atamwambia likizo itakayofuata. Zilikuja likizo nyingi. Walistaafu wote wawili, na bado akaendelea kuwatia watoto katika katoni, maana kanuni ilikwisha kuwa na daftari. Kisha walimu hawa wawili wakaja. Zile barua sita za majibu, zilizosema maumbile yamekataa, aliziandika yeye, akazitia sahihi yeye, na kila alipotia sahihi alijua.

Mwenyekiti alisema: "Nilidhani unapenda. Ulikuwa unafumba macho."

Katibu alisema: "Nilikuwa nasinzia, ndugu yangu."

"Hata pale daktari anaposahau miwani?"

"Pale nilipapenda. Mara tatu za mwanzo."

Bi Nukta alisema: "Kaka, hata mimi nilikuwa nasinzia." Mwenyekiti alisema yeye hakuulizwa.

Mwenyekiti aliuliza kama Katibu angemwacha aende kusimama na suti mpya mbele ya watu mia tatu kusoma uongo. Katibu alijibu kwamba, kusema kweli, alitarajia kuwa amekwisha kufa kabla ya mkutano, na aibu ile isingemkuta. Ila leo aliiona fomu ya uhamisho, akaona kwamba atakufa na kuwaacha mume na mke wanapandishwa mabasi kwa ajili ya nyongo ya mtu mwingine. Hilo lilimshinda.

Katibu aliomba msamaha kwa Mwenyekiti. Kisha kwa walimu wawili. Kisha, kwa kuwa Bi Nukta alikuwa bado na leso mkononi, kwa marehemu mia mbili na kumi na nne.

KUMB. NA. 7/71: MAAMUZI

Siafu aliomba katoni ya MAREHEMU iletwe. Ilikuwa chini ya ramani ya bahari, na panya walikwisha kuishughulikia upande mmoja. Alichomoa kadi moja iliyotupwa miaka mitano iliyopita, Mkuu wa Shule akaiingiza kwenye programu pamoja na zile ishirini na nne. Bi Nukta aliulizwa kama anakubali mabadiliko ya ovyo yaongezwe juu ya sifuri. Alikubali, kidogo tu.

Jibu lilipatikana papo hapo. Migongano: hakuna. Alhamisi, kipindi cha tatu, wakuu wa Hisabati na Kemia wote wana nafasi.

Mwalimu wa Kemia aliisoma skrini mara mbili. Akamwambia mkewe: "Sasa nyumbani tutazungumza nini?" Mkewe alisema hilo waliache mpaka wafike.

Mkuu wa Shule aliichana fomu ya uhamisho vipande vinne, akatafuta pa kuvitupa, akakosa, akavitia mkobani.

Iliazimiwa:
(i) Ratiba ya mwaka huu iwe hiyo iliyotolewa na programu.
(ii) Njia ya kuzaliana iendelee kutumika, kwa kuwa kasoro haikuwa ya njia. Hata hivyo mtoa alama asiwe mtu mmoja, wala asiwe mtu mwenye madaftari ya kusahihisha.
(iii) Kanuni ya Kutokutana ifutwe. Mwenyekiti alisema ataifuta mwenyewe. Siafu alimwambia, kwa sauti ya upole isiyo ya kawaida yake, kwamba kurasa sitini na mbili zinazoonyesha namna mkono wa mtu mmoja unavyoweza kugeuka kuwa maumbile ni jambo ambalo watu wangelisikiliza. Mwenyekiti hakulitupa daftari.
(iv) Bibi Mkubwa ashushwe ukutani. Bi Nukta alipinga. Alisema hata kama aliingia kwa hila, amezaa vizazi zaidi ya elfu, na bibi wa watu hafukuzwi nyumbani. Alibakishwa.
(v) Siafu aliomba iandikwe kwamba alisema kweli katika KUMB. NA. 4. Imeandikwa.

KUMB. NA. 8/71: MENGINEYO NA KUFUNGA KIKAO

Katibu aliomba jambo moja: kumbukumbu hizi zisomwe na kuthibitishwa leo leo, Mwenyekiti atie sahihi, ili liwe limekwisha. Alisema angependa kuliona limekwisha.

Mwenyekiti alikataa. Alisema utaratibu unafahamika. Kumbukumbu huthibitishwa katika kikao kinachofuata, na aliyeziandika lazima awepo ili aulizwe.

Katibu alikumbusha kwamba kikao kinachofuata ni baada ya miezi mitatu, na kwamba daktari hakumpa hesabu ndefu hivyo. Mwenyekiti alisema daktari si mjumbe wa Kamati hii. Alifungua shajara yake na kuitisha kikao cha 72 Jumamosi ijayo, saa 3:00 asubuhi, nyumbani kwa Katibu, ili asije akasingizia ngazi za chumba cha ramani.

Katibu aliuliza kuhusu msamaha alioomba. Mwenyekiti alisema jambo zito halijibiwi chini ya Mengineyo. Litaingizwa kwenye Yatokanayo.

Bi Nukta aliuliza kama litakwisha kwa kikao kimoja. Mwenyekiti alisema haoni namna. Alisema: "Ni miaka ishirini na mitatu, na nina maswali. Tutakwenda mwaka baada ya mwaka. Jumamosi ijayo ni ule wa tatu peke yake."

Katibu alihesabu Jumamosi hizo, akasema ni nyingi. Mwenyekiti alisema anazijua hesabu, ndiyo maana amezipanga.

Kikao kilifungwa saa 6:20 mchana.

KATIBU: (sahihi)

MWENYEKITI: Hajatia sahihi. Amesema atatia mbele ya Katibu.